Mkono wa Mkunga

Asubuhi ya pili tangu ahamie kwa mwanawe, Mama Pasi alimwona mkwe wake akitoka chumbani na jicho limevimba, rangi ya zambarau iliyoiva. Hakusema neno mpaka chai ikaisha. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa dobi kwa zaidi ya nusu ya umri wake, ndiyo maana wakamwita hivyo, na dobi akikurupuka anaunguza nguo ya mtu. Alisubiri mkwe aondoke kwenda kazini, akamsikia akishuka ngazi kwa kuchechemea, ndipo akainuka, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani, akamgeukia mwanawe aliyekuwa anaosha vikombe.

"Baba yako alikuwa na makosa yake, Mungu amrehemu," alisema. "Alikuwa mvivu, na akilala alikuwa anakoroma kama mashine ya kukoboa. Lakini hakuwahi kuninyanyulia mkono. Wewe umeyatoa wapi?"

Mwanawe alikuwa mpishi wa hospitali, mtu mpole kiasi kwamba kuku akichinjwa yeye huenda kusimama chumba kingine. Aligeuka na povu mikononi. "Nimeyatoa wapi nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Jicho la mkeo nimeliona. Jana nimeona alama za vidole mkononi mwake, shingoni ana mchubuko, na leo anachechemea. Sema kabla sijasema mimi."

Mpishi alitazama mlango uliofungwa, akatazama mwiko ambao mama yake alikuwa ameushika bila hata kujijua, akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyebanwa kwenye kona. "Mama, mimi nimpige yule? Hebu mtazame mabega yake, halafu unitazame mimi."

Ndivyo Mama Pasi alivyoujua ukweli. Siku zote walikuwa wakimwambia kwenye simu kwamba mkwe "anafanya mazoezi," naye akadhani ni zile mbio za asubuhi za watu wanaotaka kupunguza tumbo. Kumbe mkwe wake, fundi wa vigae mchana, jioni alikuwa mpiganaji wa ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, watu wawili wakifungiwa ndani ya uzio wa waya mpaka mmoja akubali au muda uishe. Mafundi wenzake walikuwa wamempa jina la Msumari. Walisema ukimgonga hapindi, anazidi kuingia tu.

"Kwa hiyo anapigwa na watu baki, na wewe mumewe unatazama," Mama Pasi alisema.

"Sitazami, Mama. Siwezi. Mimi nasimama nje."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko jicho lenyewe.

Alikuwa amehamia pale kwa sababu mgongo wake ulikuwa umegoma. Daktari alimwambia achague kati ya pasi na miguu yake, naye akachagua miguu, kwa shingo upande. Mtu aliyezoea kufanya kazi tangu jua linachomoza, ukimweka kwenye kochi anageuka polisi wa nyumba. Kwa siku kadhaa alimchunguza mkwe wake kimyakimya. Alimwona akirudi kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi, akila chakula kilichopimwa kwenye mizani kama dawa, akibeba begi lake na kutoka tena. Hakumsikia akilalamika, na kutolalamika kule ndiko kulikomtia wasiwasi. Aliwahi kuwajua wanawake wasiolalamika, na wengine aliwazika.

Jumamosi akavaa gauni lake la heshima, akachukua mkoba, akaenda kumtoa mkwe wake huko kwenye mazoezi.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa bohari la zamani la magunia, mwisho wa mtaa wa wauza vipuri. Ndani kulinuka jasho na dawa ya kusafishia sakafu. Feni ilikuwa moja, nayo ilizunguka kwa kusitasita kama mtu asiyetaka kulipia. Kocha alikuwa mzee wa makamo, dereva wa lori mstaafu, mwenye masikio yaliyokunjamana kama vitambaa vilivyokamuliwa vikasahaulika. Alimletea Mama Pasi kiti.

"Sikuja kukaa," alisema Mama Pasi. "Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Yupo pale, Mama." Kocha alionyesha katikati ya godoro. "Hapa hakuna aliyefungwa kamba. Mwite."

Msumari alikuwa amesimama katikati, na watu walikuwa wanaingia kupambana naye mmoja mmoja. Huyu akichoka, anatoka, anaingia mwingine aliyepumzika. Yeye hatoki. Aliingia mwanamke mrefu wa mateke, akatoka. Akaingia kijana mwenye kifua kama kabati, akambeba Msumari na kumbwaga chini kwa kishindo kilichomfanya Mama Pasi ashike mgongo wake mwenyewe. Kengele ilipolia, Msumari alitambaa hadi pembeni, akatapika kwenye ndoo, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasimama.

Mama Pasi alisogea mpaka ukingo wa godoro. Hotuba alikuwa nayo tayari, aliitunga njia nzima. Msumari akageuka, akamwona. Jicho lile la zambarau sasa lilikuwa la kijani pembeni.

"Mama, karibu. Bado kidogo tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeitwa mezani wakati anamalizia kufagia. Akarudi katikati.

Hotuba ikamwisha Mama Pasi mdomoni. Akarudi, akakaa kwenye kile kiti.

Kijana wa kabati alikuwa amemlalia tena. Kifua chake chote kilikuwa juu ya uso wa Msumari, na mkwe wake alionekana amefukiwa. "Mwambie amwache, anakufa," Mama Pasi alinong'ona.

"Nguvu wanazo wengi, Mama," Kocha alisema bila kuondoa macho. "Huyo kijana ana nguvu kumzidi mara mbili. Lakini mtazame pua yake mkweo. Unaona anavyovuta pumzi? Mtu akilaliwa hivyo, moyo unampigia kelele: sukuma, sukuma. Akisukuma kwa pupa amekwisha. Ngoja."

Mama Pasi akangoja. Aliona kiuno cha Msumari kikisogea kidogo, upana wa kiganja. Kikatulia. Kikasogea tena. Kijana aliongeza uzito, na uso wa Msumari ukaonekana kwa pembeni, umekunjika kwa shavu kubanwa, ila macho yalikuwa yametulia kabisa, kama ya mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba gizani. Kikasogea mara nyingine. Ghafla goti lilikuwa limepita katikati yao, na kijana akajikuta yeye ndiye aliye chini.

Mama Pasi alikumbuka miaka ya chumba cha pasi, mvuke usoni, shuka za hoteli zimejaa mpaka darini, na namna alivyokuwa akijiambia asitazame rundo, atazame shuka iliyo mkononi. Hakumwambia Kocha. Alimwambia tu, "Hizi taulo zenu nani anazikunja? Zimekaa kama matambara." Akazivuta, akaanza kuzikunja upya.

Pambano lilikuwa limepangwa mwisho wa mwezi, na wiki ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote. Msumari alitakiwa apunguze uzito afikie kipimo. Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi, na siku ya mwisho hakunywa hata maji. Alivaa makoti mawili akaruka kamba bafuni, maji ya moto yakifukiza, mpaka mashavu yakaingia ndani na midomo ikapasuka. Mumewe alizunguka jikoni akifungua na kufunga makabati. Kwa mpishi, kuwa na mtu mwenye njaa ndani ya nyumba na kutoruhusiwa kumlisha ni adhabu.

Mama Pasi alivumilia mpaka akashindwa. Alipika supu ya kuku, akamimina kikombe kimoja, akakipeleka chumbani. Msumari alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, amefumba macho.

"Kunywa mwanangu. Sitamwambia mtu."

Msumari alifumbua macho, akakitazama kile kikombe kwa muda. Mama Pasi aliona koo lake likimeza bila kitu cha kumeza. "Inanukia vizuri, Mama," alisema. "Nitunzie. Kesho nikishapima nitainywa yote, na mfupa nitautafuna."

Mama Pasi akaketi kitandani na kikombe chake. "Niambie kitu kimoja, na usinidanganye. Nani alikukosea? Mtu hawi hivi hivi tu. Kuna hasira umeificha mahali."

"Hakuna, Mama. Watu wenye hasira hawadumu. Wanachoka mapema."

"Basi huogopi."

"Naogopa kila mara." Sauti yake ilikuwa kavu, maneno yakikwaruza. "Nikiwa nasubiri kuitwa, nasema, Mungu wangu, nani kanileta huku, nilikuwa na vigae vyangu. Mara ya kwanza nilipigwa vibaya, nikajifungia chooni nikalia kama mtoto. Nikaapa sirudi."

"Ukarudi."

"Jumatatu yake nilikuwa na sakafu ya benki, nimepiga magoti tangu asubuhi. Nikawa nawaza, yule alinipitia wapi? Kufika saa ya chakula nilikuwa nimeshapajua. Nikaona hapana, itakuwa uzembe kupajua halafu nisirudi kupaziba." Akafumba macho tena. "Ile hofu haiondoki, Mama. Unaizoea tu. Inakaa pale na wewe unafanya kazi yako."

Mama Pasi aliinywa ile supu mwenyewe, jikoni, amesimama. Haikumshuka vizuri.

Jumapili mchana walikwenda watatu. Mpishi alifika mpaka kwenye mabomba ya maji nje ya ukumbi, akasimama, akasema yeye atakuwa hapo. Kila aliyetoka kwenda haja, yeye alimuuliza, "Bado hawajaanza?" Mama Pasi akaingia. Kocha alikuwa amempa nafasi nyuma ya kona yao, hatua chache kutoka kwenye uzio, awe anatoa taulo na barafu. Msaidizi wake mmoja alikuwa amesafiri, na kwa kukunja taulo, Kocha alisema, hajapata kuona mkono kama wa Mama Pasi.

Mpinzani aliitwa Mkunga, na jina halikuwa la mbwembwe. Alikuwa mkunga kweli, wa zahanati moja ng'ambo ya mji, mwanamke mpana wa mabega mwenye viganja vikubwa na mwendo wa taratibu. Wanawake aliowazalisha walikuwa wamekuja kumshangilia. Upande mzima wa ukumbi ulikuwa na akina mama wenye watoto migongoni, na wengine wakinyonyesha huku wanapiga vigelegele. Alipopita mbele ya kona yao alisimama akamwinamia Mama Pasi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama Pasi alijibu, akaongeza kabla hajajizuia, "Taratibu na mwanangu."

"Hapana, Mama," Mkunga alisema kwa upole. "Hilo sitaweza." Akaingia ulingoni.

Na kweli hakuweza. Raundi ya kwanza ilikuwa yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila Msumari alipoingia alikutana na ngumi iliyonyooka kama bomba, na kila alipozunguka, teke la paja lilikuwa linamsubiri. Paja likawa jekundu, kisha likaanza kuvimba. Kiwiko kimoja kilimchana juu ya nyusi, damu ikamwagika kwenye jicho lilelile lililokuwa ndiyo kwanza limepona. Mama Pasi alikuwa amejiambia atafumba macho. Hakufumba. Alimwona mkwe wake akipangusa damu kwa glovu kama mtu anayefukuza inzi, akisogea mbele.

Kengele ilipolia Kocha aliingia na kigoda. Hakupiga kelele. "Umeona nini?"

"Akipiga kulia anaacha mguu mbele."

"Mara ngapi?"

"Kila mara."

"Basi usinieleze mimi. Kamweleze yeye."

Raundi ya pili Mkunga alirusha mkono wa kulia na Msumari hakurudi nyuma. Aliikubali ile ngumi ipite kwenye paji la uso, akazama chini yake, akaukumbatia ule mguu wa mbele, na wote wawili wakaanguka. Chini walihangaika muda mrefu, taratibu, kama watu wawili wanaojaribu kupitisha kochi mlangoni. Kisha kitu kikageuka. Msumari alikuwa amelala chali, miguu yake imepita juu ya kifua cha Mkunga, na mkono wa kulia wa Mkunga umenyooka katikati ya mapaja yake, kiwiko kimeelekezwa kinyume na kinavyokunjwa.

Katika mchezo huu ukifika hapo, unagonga. Unampiga mwenzako kofi dogo mara mbili tatu, au unaipiga sakafu, mwamuzi anasimamisha, mnainuka na mikono yenu mizima. Hakuna aibu. Wakubwa wote wamewahi kugonga.

Mkunga hakugonga. Alifumba midomo, akatazama taa za juu. Msumari akainua kiuno kidogo. Mkunga hakugonga. Wale akina mama walikuwa wamenyamaza, hata watoto. Msumari akainua tena, na Mama Pasi, kutoka pale alipokuwa, akasikia mlio mdogo, kama kijiti kibichi kinachopindwa.

"Mwamuzi," Msumari alisema. "Mkono."

Mwamuzi alikuwa amepiga magoti upande wa pili, hakuusikia ule mlio. Alimwinamia Mkunga. "Unaendelea?"

"Naendelea."

"Mwamuzi, mkono wake," Msumari alirudia.

"Nimesema naendelea," alisema Mkunga, na sauti yake haikutetemeka.

Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Kuinua kiuno mara moja tu, na pambano lingekwisha, hata kwa mwamuzi kiziwi. Mama Pasi alimwona Msumari amekaa vile vile, ameushika ule mkono, akipumua kwa pua. Kisha akafungua magoti.

Mkunga aliuvuta mkono, akajiviringisha, akasimama. Ukumbi ukazomea. Kocha aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa chake, akakaa hivyo mpaka kengele.

"Umeachia," alisema alipofika na kigoda.

"Nimeachia."

Kocha alimtazama kidogo. "Haya. Imebaki raundi moja. Unapumua?"

"Napumua."

"Macho?"

"Moja linaona."

"Linatosha."

Mama Pasi alipitisha barafu, na mkono wake uligusa shingo ya mkwe wake. Ilikuwa ya moto kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi. Ng'ambo, daktari alikuwa ameingia kumkagua Mkunga. Alimwambia anyanyue mikono, naye akanyanyua yote miwili juu kabisa, akitabasamu, akaigeuza mbele na nyuma. Jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni kwa matone makubwa. Daktari akaridhika, akatoka. Alipogeuza mgongo, ule mkono wa kulia ulishuka wenyewe, na Mkunga akaufuata kwa macho kama mtu anayetazama mzigo wake ukiangushwa na mpagazi.

Mama Pasi alikuwa amekuja na upande wake. Lakini kuanzia hapo hakujua tena amshangilie nani, akabaki na taulo mapajani, moyo umegawanyika.

Raundi ya tatu Mkunga aliubana mkono wa kulia kwenye mbavu na kupigana kwa kushoto na kwa miguu. Msidhani Msumari alimbembeleza. Alimpiga tumboni, akampiga mateke ya miguu, akambana kwenye uzio mpaka waya ukalia. Ila Mkunga, mkono ulipomwishia, alikuwa kama mtu aliyepunguziwa mawazo. Alikuja mbele tu. Ngumi ya kushoto ilimpata Msumari upande wa jicho lisiloona, ikampeleka goti moja chini. Akainuka. Ikampata tena. Akainuka tena, mguu ule wa paja lililovimba ukimsaliti, akamkumbatia Mkunga kiunoni, wakasukumana huku na huku, vichwa vimegusana, kila mmoja akimtegemea mwenzake asianguke. Kengele ililia wakiwa hivyo. Hawakuachana mara moja. Ilionekana kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake asimame imara kwanza.

Majaji wawili kati ya watatu walimpa Mkunga. Mwamuzi alipotaka kuinua mkono wake wa kulia, alimpa wa kushoto.

Chumba cha daktari kilikuwa stoo ya viti iliyowekwa vitanda viwili na pazia katikati. Msumari alikuwa anashonwa nyusi, Mama Pasi amemshika mkono, pazia lilipofunguliwa. Mkunga alikuwa amesimama pale, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni, shati limevaliwa nusu.

"Nani kakutuma uniachie?" aliuliza.

Daktari aliinua sindano, akangoja.

"Mkono ni wangu," Mkunga aliendelea. "Ningetaka kuusalimisha ningegonga. Hukuniuliza."

"Najua," Msumari alisema.

"Sasa?"

"Niliusikia ulipolia. Ukumbi mzima haukusikia, mimi niliusikia kwenye paja langu. Ningeendelea, ningekuwa naisikia ile sauti kila nikilala. Kwa hiyo sikuachia kwa ajili yako, dada. Niliachia kwa ajili yangu."

Mkunga aliegemea ukuta. Usoni alikuwa amechoka kuliko mtu yeyote ambaye Mama Pasi aliwahi kumwona, na Mama Pasi aliwahi kuona watu waliochoka.

"Ushindi wenyewe umenikaa kooni kama mfupa," Mkunga alisema hatimaye.

"Umeze tu. Umeupata kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nayo miwili na bado ukanipiga. Nilikuwa najiuliza kule ndani, huyu ameumbwa na nini?"

"Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Kila nikikuweka chini, unanyanyuka. Nikasema, huyu kweli halipwi kwa kuinuka?"

Mama Pasi aliona shati la Mkunga linaning'inia, akasimama, akalivuta sawa, akaanza kumfunga vifungo kimoja kimoja, maana kwa mkono wa kushoto hangeweza. "Na kesho watoto wa watu wanazaliwa na nani?" aliuliza.

"Nina wenzangu, Mama. Nitakaa kitini niwe nawaamuru. Watanikoma."

"Mimi nilipokuwa namzaa mume wa huyu, mkunga alinipiga kofi moja la paja, nikaona mwanamke huyu ana roho mbaya. Leo nimeyaona mapaja ya mkwe wangu, namshukuru yule mama popote alipo."

Wote wawili wakacheka, na wote wawili wakashika mbavu, wakaombana wasicheke. Daktari alisema mwenye kushonwa atulie. Kabla hajaondoka, Mkunga alimpa Msumari mkono wa kushoto. "Ukipona huu wangu, tunarudiana," alisema. "Na safari hiyo usiachie."

"Safari hiyo gonga."

"Tutaona."

Nje, mpishi alikuwa amekaa chini karibu na mabomba, shati limelowa maji kama aliyekuwa anajinawisha kutwa nzima. "Mama, ikawaje?"

"Ameshindwa."

"Ni mzima?"

"Mzima kuliko wewe. Inuka ukambebee begi." Na alipokuwa akimtazama mwanawe akikimbia, alishangaa kujikuta hana hata chembe ya aibu. Alikuwa anataka kumsimamisha mtu yeyote njiani, hata muuza karanga, amsimulie.

Kesho yake mchana Kocha alikuja nyumbani. Msumari alikuwa amelala kwenye kochi, paja limewekewa barafu, upande mmoja wa uso mkubwa na mwingine mdogo. Kocha alikunywa chai, akasifu chai, kisha akaweka kikombe.

"Kuna kosa ulifanya jana."

Mama Pasi aligeuka kutoka jikoni, tayari kumtoa mtu nje. "Kuwa na huruma ndiyo kosa?"

"Huruma si kosa, Mama. Ile ni yake, siigusi." Akamgeukia Msumari. "Kosa ni kwamba ulipoachia hukujua unakwenda wapi. Ulifungua magoti ukabaki umelala kama uliyemaliza kazi. Yeye akasimama bure. Ungeachia mkono ukapanda mgongoni palepale, ungemtia kabali, naye angelala salama, mkono mzima, na ushindi wako. Ulikuwa mwema nusu."

Mama Pasi alitarajia mkwe wake ajitetee. Angekuwa yeye, na uso ule, angerusha kikombe. Msumari aliyapitisha yale maneno kichwani. Mama Pasi aliona lile jicho moja likitulia kama siku ile ya bohari, likitafuta.

"Kweli," Msumari alisema. "Mgongo ulikuwa wazi. Sikuuona." Akaondoa barafu pajani. "Nionyeshe."

"Pumzika kwanza. Huna haraka."

"Nionyeshe tu, Kocha. Taratibu. Nikilala nalo hivi hivi nitalisahau."

Kocha alitazama huku na huku akitafuta mwili wa kuonyeshea, macho yakamwangukia mpishi, aliyekuwa anaingia na sahani ya matunda. Mpishi akaiweka sahani chini polepole. "Mimi naona damu tu nazirai," alisema.

"Hakuna damu, mume wangu. Lala hapo."

Alilala kwenye mkeka katikati ya sebule, akafumba macho kama mtu anayetolewa jino. Msumari alishuka kwenye kochi kwa kusaga meno, akakaa pembeni yake, akaushika mkono wake. Hajaukunja wala kuuvuta, mpishi alikuwa ameshaipiga sakafu kwa kiganja kingine, pa, pa, pa, kama anayefukuza mjusi. Mama Pasi alicheka mpaka ikabidi aegemee mlango.

"Bado sijafanya kitu," Msumari alisema.

"Najua. Nimegonga mapema."

Wakaanza upya. Kushika, kufungua magoti, kuviringika, kupanda mgongoni. Kila alipoviringika juu ya paja lile, Msumari alitoa pumzi kwa nguvu puani, lakini hakusimama. Kocha akasema kiuno kiko mbali. Akarudi mwanzo. Kocha akasema sasa kiko karibu mno. Akarudi mwanzo. Mama Pasi alivuta kiti mpaka karibu, akasogeza meza ya chai isiwagonge, akakaa kuwatazama.

"Mkono wa juu umechelewa," alisema baada ya muda.

Kocha aligeuka akamtazama. Kisha akamtazama Msumari. "Umemsikia Mama. Rudia."